Geti la Umeme Lijaribiwe Kabla ya Fundi Kulipwa

Kwenye korti za makazi za mtaa wa Donholm, Nairobi, fundi akibonyeza rimoti mara mbili, geti likafunguka na kujifunga, mara nyingi hulipwa na kwenda zake. Hilo si jaribio.

Katikati ya mwaka wa 2010, wasichana wawili nchini Uingereza, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki baada ya kubanwa na mageti ya umeme, siku chache tu zikitenganisha mikasa hiyo. Watoto wetu nao huchezea getini kila jioni. Mota haimtambui mtoto. Husukuma hadi ikutane na ukinzani iliowekewa, na anayeuweka ni fundi.

Basi nguvu ya msukumo huo ipimwe kwa kifaa maalumu, kamwe si kwa mkono wa mtu. Kiwango cha Ulaya, EN 12453, huweka kikomo cha nyutoni 400 katika mwanya mwembamba. Miale ya vihisi ikatizwe geti likijifunga, pia chini kwenye kimo cha mtoto anayetambaa, na geti lirudi nyuma papo hapo. Vizuizi vya mwisho wa reli vikaguliwe, maana geti zito likichomoka humwangukia aliye karibu. Soja naye afundishwe kulifungua kwa ufunguo wa dharura stima ikipotea.

Kamati za wakazi zishikilie salio la malipo hadi majaribio haya yafanywe mbele yao na matokeo kuandikwa. Kabla ya hapo, mota izimwe, geti lisukumwe kwa mikono.