Ufuatiliaji Si Tathmini: Funzo la Ghuba ya Winam

Katika mijadala yetu, istilahi "ufuatiliaji" na "tathmini" hutumiwa aghalabu kana kwamba ni visawe. Ufuatiliaji ni kuipima kazi ingali inaendelea ili irekebishwe. Tathmini ni kuikadiria thamani yake awamu inapokamilika. Anayezichanganya huchunguza maiti badala ya kumtibu mgonjwa.

Mfano hauko mbali. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia hadi Otonglo, Ghuba ya Winam iko kushoto kwako. Magugumaji yaliivamia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997, Kenya, Uganda na Tanzania zilianza mradi wa pamoja wa kusimamia mazingira ya Ziwa Victoria, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Fukusi wanaolila gugu hilo walizalishwa na kuachiliwa ziwani; mitambo ya kulikata ikaletwa. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa wazi. Awamu ya kwanza ikakamilika 2005. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, gugu lilirejea.

Kwa maoni yetu, ukubwa wa eneo lililosafishwa haukuwa kipimo tosha. Mbegu za gugu hukaa topeni miaka mingi. Mbolea na majitaka hulirutubisha. Fukusi nao hupungua chakula chao kinapopungua, hivyo sharti pawe na mtu wa kuwazalisha upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtu huyo ni nani? Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa Kenya vikundi vya kusimamia fuo, vyenye kamati zilizochaguliwa. Humo ndimo majukumu yanamoweza kugawiwa: nani apime, lini, na amwarifu nani.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Ripoti nyingi za miradi huandikwa kwa Kiingereza, mbali na mvuvi anayeliona gugu kila alfajiri. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari asiloweza kulisoma mwenye mali lina faida gani?

Tuandae basi fomu za ufuatiliaji kwa Kiswahili sanifu chepesi. Nasi tuanzie nyumbani: kila azimio katika kumbukumbu za vikao vyetu liandikiwe mtendaji na tarehe. Azimio lisilo na mwenyewe ni matamanio tu.