Ufunguo wa Pampu

Katika mtaa mmoja wa Fungurume, ambao hatutautaja, kulikuwa na pampu ya maji yenye kufuli, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa prezida wa komite. Siku moja prezida alikwenda Likasi kwenye kilio, akakaa huko siku nne, na ufunguo ukakaa naye. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao. Watoto kadhaa waliingia darasani mwetu saa tatu, wamechoka hata kabla ya somo la kwanza. Prezida aliporudi tulimwuliza: “Baba, mbona hukuuacha ufunguo?” Akatutazama kwa mshangao wa kweli, akajibu: “Mwalimu, nikimwachia mtu mwingine ufunguo, mimi nitakuwa prezida wa nini?”

Tulicheka. Lakini usiku ule hatukucheka tena, kwa maana sisi nasi hatuko mbali naye: chaki zote hukaa katika sanduku letu, na kwaya ikiongozwa na mwingine masikio yetu hutafuta kosa. Wala prezida si mtu mbaya. Alichimba mtaro wa pampu ile kwa mikono yake, na kufuli alilinunua kwa fedha yake mwenyewe. Aogopa kusahauliwa tu. Katika mji wa migodi, mtu aliyeachishwa kazi huhesabiwa kama kwamba hakuwahi kuwapo, na mwenye kuona hayo hushika kwa nguvu kila kitu kidogo alicho nacho.

Twasema haya kwa sababu mambo makubwa kuliko pampu yako mlangoni. Mgodi wa Tenke Fungurume haukuwa ukitoa shaba wakati wa wazee wetu. Ulianza mwaka 2009, na tangu hapo watu wamemiminika kwetu kutoka kila upande. Na Sheria ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 yaidai kila kampuni yenye kuchimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya wenyeji, na fedha hiyo isimamiwe na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa wenyeji pamoja. Asilimia 0.3 yaonekana kama punje ya mtama. Kwa mgodi mkubwa, punje hiyo ni madarasa, ni visima, ni zahanati. Basi katika chombo hicho kuna viti vya watu wa kwetu. Ni nani atakayevikalia?

Mitaani twasikia sifa zikitajwa: huyu ana Kifaransa kizuri, yule ana gari, mwingine ana ndugu ofisini. Hatuzidharau, barua za serikali huandikwa kwa Kifaransa, na asiyezielewa hudanganywa upesi. Lakini hatujasikia mtu akiuliza: huyu amemfundisha nani kazi yake?

Wazee wa Kolwezi waliwahi kuliuliza swali la namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa akihudumu Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa Union Minière. Mwenyewe alikiri kwamba alipofika Kongo alikuja kama bwana, mtu wa kusema na kusikilizwa. Baadaye alianza kuwauliza watu wanatafuta nini maishani, kisha akanyamaza ili awasikie. Majibu yao yakakusanyika katika maneno matatu ya Kiswahili chetu: uzima, uzazi, mapendo. Hivyo ikazaliwa Jamaa.

Kambi ilijaa vyeo, tangu mkubwa wa kazi hadi kapita. Jamaa haikufuata mfano huo. Mume na mke walipokelewa pamoja, si mume peke yake. Hao waliwaongoza mume na mke wengine, wakawa baba na mama yao katika roho; na wale nao wakatafuta wengine. Ukubwa wa mtu ulikuwa uzazi wake. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962 asirudi tena kukaa kwetu, na Jamaa ikaendelea bila yeye.

Tusiipambe kupita kiasi. Makundi mengine yalijitenga, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuweka masharti makali. Tena kazi ya maji yataka daftari, na watu wa kulikagua daftari hilo. Mapendo peke yake hayahesabu fedha. Kwa hiyo hatusemi komite zivunjwe. Twasema uzazi uingie ndani ya komite. Karani awe na kijana anayejifunza uandishi kando yake, mtunza fedha naye vivyo hivyo. Na akina mama, ambao mikono yao ndiyo inayoijua pampu, wasiitwe mkutanoni kwa ajili ya kupika tu. Hata Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, mpaka Yethro alipomwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake. Musa alikubali, ingawa kufundishwa kazi yako na baba mkwe si jambo jepesi.

Prezida wetu alichukua miezi miwili. Kisha akampelekea fundi wa sokoni ufunguo, akachongewa wa pili, akampa mama mmoja mjane ambaye nyumba yake iko karibu na pampu. Mama huyo hufungua saa kumi na moja alfajiri, na prezida hulalamika kwamba kelele za ndoo zamwamsha. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, alitushika mkono akatupeleka kando. Mpira wa ndani ya pampu ulikatika siku ya Alhamisi, akasema, na mama yule pamoja na binti zake wawili waliifungua pampu, wakatia mpira mpya, wakaifunga, na maji yakatoka kabla ya jua kuwa kali.

“Hata hawakuniita, Mwalimu,” alisema.

Hatukuweza kutambua kama alikuwa akilalamika au akijisifu.