Tramu Kuukuu Zinalala Wapi?

Njia ya F ya San Francisco hubeba mtalii mwenye kamera na karani anayerudi nyumbani, wote ndani ya tramu moja iliyoundwa mwaka 1928 kwa ajili ya Milan. Mabenchi yake ya mbao yamelainishwa na makalio ya vizazi. Nyuma yake huja nyingine ya miaka ya 1940, mtumba kutoka Philadelphia. Nauli ni ileile ya basi, wakati tramu za kebo zinazopanda vilima hutoza zaidi ya maradufu. Miji inayotaka kuiga njia hii huziangalia rangi za magari, ikasahau nauli.

Yote yalianza kwa dharura. Mwaka 1982 tramu za kebo zilisimamishwa zifanyiwe matengenezo makubwa, na wafanyabiashara wakahofia kukosa wageni. Mwaka uliofuata zikatolewa tramu za zamani kwenye Market Street, ambako reli zilikuwa hazijang'olewa, na kila kiangazi zikarudishwa hadi 1987. Wakazi wakazizoea. Njia ya kudumu ilifunguliwa 1995. Mwaka 2000 ikafikishwa Fisherman's Wharf, ikipita ufukweni palipokuwa na barabara ya juu iliyobomolewa baada ya tetemeko la 1989.

Anayestahili sifa nyingi ni Market Street Railway, shirika lisilo la faida. Hutafuta magari, huchangisha fedha, na halichoki kuwasumbua wakubwa wa jiji. Lakini madereva, mafundi na umeme ni mzigo wa Muni, idara ya usafiri ya jiji. Shirika linapigania, jiji linaendesha, na sioni namna nyingine ambayo ingedumu.

Tazama Seattle. Diwani George Benson alipigana hadi tramu za Melbourne zikaanza kupita kando ya maji mwaka 1982. Mwaka 2005 karakana yao ilivunjwa kupisha bustani ya sanamu, huduma ikasimama, na mpaka leo haijarudi. Wenye kuzipenda walikuwepo. Pa kuzilaza ndipo palipokosekana. Memphis ilikuwa na karakana, lakini magari mawili yaliwaka moto, moja 2013 na jingine 2014, huduma ikafungwa hadi 2018. Gari la umri huo halina vipuri dukani: kipuri huchongwa, na wa kukichonga ni fundi aliyefundishwa na fundi mwingine.

Wanaopinga husema fedha za tramu kuukuu zingenunua mabasi. Wana haki pale ambapo njia inazunguka mitaa miwili ya mikahawa, mwishoni mwa wiki tu. Hawana haki pale ambapo tramu inapita kila baada ya dakika chache, na mwenye kiti cha magurudumu amejengewa njia ya mteremko kituoni. Kwa hiyo kikundi kinachoomba mchango kisitangulize picha za zamani. Kilete kwanza hati ya kiwanja cha karakana na barua ya jiji inayokubali kulipa mishahara ya mafundi, ndipo tuzungumzie rangi.