Kesi Ndogo ya Bangi

Tumechoka kuambiwa "hiyo kesi ndogo". Nani aliyeipima? Kijana wetu kakutwa na kiroba cha bangi uvunguni mwa kitanda, hajapanda basi wala bodaboda, lakini hati ya mashtaka inasema alikuwa anasafirisha dawa za kulevya. Tukabaki kuulizana nje ya mahakama: kasafirisha kutoka uvunguni kwenda wapi?

Baadaye sana ndipo tukaambiwa kwamba Sheria ya Tanzania ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 imeliweka kosa hilo kwa upana: kununua, kuuza, kugawa, kuhifadhi, hata kuwa nayo tu, vyote vimo. Na tangu marekebisho ya 2017, anayetiwa hatiani kwa kusafirisha bangi isiyozidi kilo 50 anakwenda miaka 30. Zikizidi hapo, maisha. Kukutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe ni kosa jingine, adhabu yake nyepesi mno ukiilinganisha. Sasa jamani, jambo lenye tofauti ya namna hiyo linakosaje mtu wa kulieleza pale mapokezi ya kituo cha polisi? Tunaloelezwa pale ni kuleta chakula na kuacha simu nje.

Halafu kuna kesi hizi zinazoangukia kwenye uhujumu uchumi. Mtoto anapandishwa kizimbani, anasomewa mashtaka, anaambiwa asijibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Mama yake anageuka kutuangalia sisi, kana kwamba sisi tunajua. Upelelezi haujakamilika. Ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali bado. Kesi inapigwa kalenda, karandinga inawasha moto, nauli imekwenda.

Hapo ndipo wanapotokea wale wa suti na mkoba. Vishoka, mawakili feki. Kishoka ana kadi ya jina, anamjua karani, anamjua mpelelezi, anataka "ya kuanzia" leo hii kabla faili halijapanda juu. Tunachanga kama harusi, tunampa mkononi, risiti hakuna. Tarehe inayofuata simu haipatikani. Kumhakiki wakili si kazi kubwa: Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yumo na kama ana leseni hai. Lakini nani ana moyo wa kubofya simu wakati mwanawe yuko sero? Wahuni hawa wanaujua wakati huo vizuri kuliko Chama cha Mawakili Tanganyika.

Kibaya kuliko pesa ni ushauri wao. "Akubali tu, hakimu atamhurumia, atapigwa faini." Mtoto anaulizwa, anajibu ni kweli, na mlango umefungwa: aliyekiri mwenyewe hana rufaa ya kupinga hatia, labda alalamikie adhabu au uhalali wake. Kumbe yalikuwepo ya kuuliza! Hati ya ukamataji ilijazwa palepale au kituoni? Shahidi wa kujitegemea alikuwepo? Kile kiroba kilipita mikono ya nani kabla ya kufika kwa Mkemia, na kila aliyekipokea aliandika? Mahakama ya Rufani imewaachia watu kwa sababu mnyororo wa makabidhiano ulikatika njiani. Hatusemi vijana wetu ni malaika. Wengine wanauza, tunawajua. Ila hata muuzaji ana haki ya kuulizwa kwa utaratibu.

Na msaada wa bure? Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, na inamruhusu jaji au hakimu, akiona kwamba mshtakiwa hana uwezo na haki inadai awe na wakili, aagize apewe. Vizuri sana. Lakini mshtakiwa anayetetemeka kizimbani atajuaje kwamba anaweza kunyoosha mkono akaomba? Mabango ya kampeni ya msaada wa kisheria tumeyaona, na viwanjani tumekwenda. Huko foleni ilikuwa ya mirathi na ardhi. Ukitaja bangi, watu wanakuangalia kama na wewe umevuta.

Kuhusu rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, notisi ni ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45, ukitoa zile za kusubiri nakala ya hukumu. Sisi siku 10 zile zote tulikuwa tunamtafuta yule wa suti. Aliyetuambia habari ya notisi ni mfungwa wa siku nyingi kule gerezani, ndiye aliyemwandikia mtoto wetu, akaipitisha kwa askari magereza. Hakutudai hata senti.