Skrini ya Kompyuta: Tusinunue Inchi, Tununue Maandishi Yanayosomeka



Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu wanafunzi wa Gisenyi na Rubavu kwa jumla. Katika nyumba zetu kompyuta moja hutumiwa na watoto watatu au wanne, kwa masomo ya shule na ya madrasa. Lakini tukienda kununua skrini, wengi wetu tunauliza jambo moja tu: ni inchi ngapi? Kwa maoni yangu, swali hilo peke yake linatupotezea pesa.

Picha ya skrini hujengwa kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina nukta kama 92 katika kila inchi. Ile ya inchi 27 yenye pikseli hizo hizo ina kama 82 tu, kwa sababu zimetandazwa mahali papana zaidi. Hata skrini ndogo ya inchi 18.5, yenye pikseli 1366 kwa 768, ina kama 85. Basi unaweza kulipa zaidi ukapata herufi zenye kingo mbaya zaidi!

Kwa watoto wetu hili si jambo dogo. Ba, ta na tha hutofautishwa kwa nukta tu, na fat-ha na kasra ni vistari vidogo. Vikififia, mtoto anakisia badala ya kusoma.

Pili, ulizeni aina ya kioo. Kioo cha TN hubadilika rangi ukikitazama kutoka pembeni au chini. Cha IPS hakibadiliki sana, kwa hiyo kinafaa pale ndugu wanapokaa pamoja mbele ya skrini moja. Wala msihadaike na karatasi inayosema kontrasti ni milioni kwa moja. Namba hiyo hupatikana kwa kuizima na kuiwasha taa ya nyuma. Kontrasti halisi ya IPS ya kawaida ni kama 1000 kwa 1.

Wapo watakaosema: "Sisi uwezo wetu ni skrini iliyotumika." Hakuna ubaya, lakini mwenye pesa kidogo ndiye anayepaswa kukagua zaidi. Iwasheni dukani, mngoje dakika chache. Jazeni skrini rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine; nukta iliyokufa itajitokeza. Skrini za zamani zenye taa za mirija hufifia kwa umri, na mirija hiyo ina zebaki, kwa hiyo ikiharibika watoto wasiifungue. Kisha fungueni ukurasa wa Kiarabu wenye irabu zote, mtoto mwenyewe ausome. Kama kompyuta na skrini zote zina tundu la HDMI, tumieni hilo badala ya VGA.

Dini yetu inamtaka muuzaji aeleze kasoro ya bidhaa yake. Nasi wanunuzi tusione haya kuuliza na kujaribu kabla ya kutoa pesa. Macho ya watoto wetu ni amana.

Wabillahi tawfiq.