Lumbesa Madhabahuni

Mtu akija siku hizi kutafuta ushauri wa kiroho, mara nyingi anataka kujua mambo matatu: aoe nani, akubali kazi ipi, ahamie mji gani. Tunafunga, tunakesha, tunaomba ishara. Si vibaya. Lakini hatutapakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunamsihi Mungu aseme mahali ambapo hakuahidi kusema, huku tumeziba masikio mahali ambapo alikwisha kusema zamani, tena kwa maneno ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili anayaelewa.

Tuchukue lumbesa. Msomaji wa Njombe hahitaji kuelezwa, ila kwa aliyekulia mjini: mkulima anauza viazi kwa gunia, si kwa kilo. Mnunuzi analijaza gunia, kisha anashonea wavu au kipande cha gunia jingine juu ya mdomo wake, na kuendelea kujaza mpaka mzigo uote kichwa. Bei inabaki ya gunia moja. Mzigo ukifika mjini unauzwa kwa kilo au kwa kisado, na kile kichwa kizima kinakuwa faida. Sheria imekataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Kwa kweli Wakala wa Vipimo wamelihubiri jambo hili kuliko sisi wenye mimbari.

Nao wanunuzi si watu wa mbali. Wamo wanakwaya, wamo wazee wa kanisa. Lori likiondoka huombewa safari njema. Faida ikipatikana, fungu la kumi huletwa, nasi tunalipokea na kulibariki bila kuuliza neno.

Tukigusa jambo hili tunajibiwa kwamba biashara ni biashara na kanisa ni kanisa. Amosi aliwajua watu wa namna hii. Katika sura ya 8 wafanyabiashara wa Israeli wanaulizana Sabato itakwisha lini, ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na kuuza hata takataka za ngano. Tuangalie vizuri: hawa hawakuvunja Sabato. Walifunga biashara, wakasubiri siku ipite. Mtu angeweza kuwasifu kwa uaminifu wao. Ugomvi wa nabii ulikuwa juu ya yale waliyoyasubiri.

Walawi 19, sura ileile inayoamuru kumpenda jirani, inafika mwisho ikitaja mizani na vipimo vya nafaka, na papo hapo inawakumbusha watu ni nani aliyewatoa Misri. Kumbukumbu la Torati 25 inakwenda mbali zaidi. Inakataza hata kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Haisubiri uyatumie. Basi muuza nafaka mwenye visado viwili chini ya meza, kimoja kizima na kingine kilichobonyezwa kitako, hana haja ya kukesha akitafuta mapenzi ya Mungu juu ya kile cha pili.

Zakayo hakusema ataliombea jambo hilo. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Wapo watakaosema, nikipima sawasawa nitafunga biashara. Hoja hii ina uzito, na hatutaijibu kwa ahadi za baraka mara mia, kama wafanyavyo wahubiri wengine. Inawezekana kabisa mtu akapata hasara. Mkulima anayekataa lumbesa peke yake ataachiwa viazi vyake vioze, maana lori litasogea shamba la jirani. Ndiyo sababu ni ukatili kumwambia mkulima mmoja asimame imara, kisha usharika mzima ukae pembeni ukimwombea. Hata hivyo, mnunuzi asijifiche nyuma ya mkulima huyo. Yeye ndiye mwenye sindano na kamba mkononi, na kila gunia analoshona ni uamuzi.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili msimu huu. Kwanza, wanunuzi wote walio washarika wasimame mbele ya usharika na kuahidi kununua kwa kilo, wazee wakitangulia. Mzee asiyeweza kuahidi aache kwanza kugawa vikombe vya Meza ya Bwana. Pili, kanisa linunue mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, iwekwe uwanjani mwetu siku za mavuno, na mkulima yeyote apime bure, awe wetu, awe Mwislamu, awe hana dini. Fedha zipo. Ni zile zilizotengwa kwa ajili ya spika mpya za kwaya, na zile za zamani bado zinasikika mpaka sokoni.