Mageuko hayafundishwi kwa mchoro wa nyani

Kwa miaka mingi mtoto wa Kilosa, Tanzania, amekutana na mageuko ya viumbe mara mbili akiwa sekondari. Kwanza ni Kidato cha Kwanza, kwenye Historia, anapochora msururu wa viumbe wanaoinuka hatua kwa hatua mpaka wanasimama wima. Pili ni Kidato cha Nne, kwenye Biolojia, anapokariri alichosema Lamarck na alichosema Darwin. Siku zote hizo anakwenda kanisani au msikitini, na huko anafundishwa kwamba Mungu ndiye Muumba wa vyote. Akiuliza ashike lipi, mara nyingi hupewa jibu moja: kwenye mtihani andika kinachotakiwa, moyoni baki na imani yako.

Jibu hilo naliona lina madhara kuliko ubishi wenyewe. Linamzoesha mtoto kuiona sayansi kama maneno ya kutafutia alama, si njia ya kuujua ulimwengu anamoishi. Wala halimjengi kiimani, maana linamfundisha kusema asichokiamini.

Sikiliza swali linaloulizwa zaidi darasani: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani wa hifadhi ya Mikumi hawageuki watu? Mwanafunzi ana haki ya kuuliza. Nyani hao anawaona kando ya barabara kuu inayokatiza hifadhi, na mchoro wa kitabuni umemwonyesha safu inayoanzia kwa mnyama na kuishia kwa mtu. Lakini sayansi haisemi hivyo. Inasema binadamu na nyani wana mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Nyani wa leo si babu yetu. Ni ndugu wa mbali, naye amebadilika kwa njia yake kwa muda uleule. Kwa hiyo wengi wanaoyakataa mageuko wanakataa mchoro mbovu. Nadharia yenyewe hawajawahi kufundishwa.

Mchoro huo una jeraha jingine, na walimu wa sayansi hawapaswi kulipuuza. Mwafrika ameitwa nyani kwa matusi, na matusi hayo yaliwahi kuvalishwa joho la elimu. Mwaka 1906, Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wamtazame. Mzazi anayesikia mwanawe akifundishwa habari za nyani na watu ana sababu ya kushtuka. Dawa ya mshtuko huo ni kumweleza kilichogunduliwa hasa: binadamu wote, pamoja na waliokuwa wakimcheka Ota Benga, asili yao ni Afrika. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, ni ushahidi uliotoka katika ardhi yetu wenyewe.

Tena kuupata ushahidi hatuhitaji kwenda mpaka Ngorongoro, ziliko Olduvai na Laetoli. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa waliona ndani ya sufuria, baada ya chakula, miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale wa msituni ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Baadaye kwale wa jinsi hiyo akapatikana katika milima ya Rubeho, ambayo miteremko yake ya mashariki inashukia Kilosa. Ni mdogo zaidi, na manyoya yake yana alama tofauti. Mwaka 2005 alitambuliwa kuwa spishi ya peke yake. Ndege hawa hutembea chini ya miti mikubwa, na kati ya milima hiyo miwili kuna nyika kavu wasiyoweza kuivuka. Waliotengana wakaanza kutofautiana. Mwalimu anaweza kulieleza somo lote la kutokea kwa spishi kwa milima ya eneo lake mwenyewe.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, nao umepita nyumbani kwa kila mmoja wetu. Klorokwini iliwahi kutibu malaria nchini kote. Vimelea vichache vilivyoweza kuistahimili vikabaki hai, vikazaana, na kadiri dawa ilivyotumika ndivyo vilivyozidi kutawala. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha na kuhamia SP, dawa nyingine ya malaria. Usugu ukaifuata SP nayo, na mwishoni mwa 2006 tukaanza kutumia dawa mseto. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea visivyo sugu vikarudi kuwa vingi. Huo ndio uteuzi wa asili alioueleza Darwin, na mzazi aliyebadilishiwa dawa ya mwanawe aliushuhudia. Shule isipofundisha hivyo, mgonjwa hataelewa kwa nini anaambiwa amalize dozi.

Kuhusu imani, nasema wazi kwamba sitaki iondolewe shuleni. Waanglikana walifika Mamboya tangu karne ya 19, Uislamu ulipita na misafara, na watu wa Kilosa hawatafuti ruhusa ya mtu ili wamche Mungu. Tuna vipindi vya dini, na Baraza la Mitihani hutahini Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Huko ndiko uumbaji unakostahili kufundishwa kwa kina, na watu walioandaliwa kuufundisha. Ninachokipinga ni mtindo wa vitabu vya Biolojia kuuorodhesha uumbaji kama nadharia mojawapo, ukapewa mistari miwili, kisha mwanafunzi akaulizwa udhaifu wake. Kuipima imani kwa darubini ni kuikosea heshima, na ni kuivuruga sayansi. Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na Wakatoliki hawakuacha kusali Nasadiki.

Majirani zetu wametuonyesha kinachotokea mambo haya yakiachwa yachemke. Mwaka 2006 viongozi wa kipentekoste nchini Kenya, Askofu Boniface Adoyo akiwa mstari wa mbele, walitaka Makumbusho ya Taifa yasiyape mabaki ya binadamu wa kale, ikiwemo mifupa ya mvulana wa Turkana, nafasi ya mbele. Makumbusho hayakukubali, na yalifanya vyema.

Chuo cha Ualimu Ilonga kiko hapo hapo Kilosa, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo ambako mbegu huteuliwa msimu hata msimu. Wakufunzi, wapelekeni walimu wenu wanafunzi wakaone uteuzi huo shambani kabla hawajapewa chaki. Na waandishi wa vitabu vyetu, ule mchoro wa msururu ufuteni. Mahali pake wekeni kwale wawili, wa Udzungwa na wa Rubeho.